Mwenye Macho Haambiwi Tazama: Filamu Bubu ya Majambazi na Sarufi ya Picha



Katika kurasa za jarida letu tumezoea kusoma habari za methali, tenzi, ngano na sarufi. Leo twaomba ruhusa ya kuingia katika uwanja ulio jirani na huo, nao ni uwanja wa filamu bubu, yaani zile filamu za zamani ambazo wachezaji wake huonekana wakisema lakini sauti zao hazisikiki. Hatuingii huko kwa ajili ya kujiburudisha tu. Twaingia kwa sababu ya neno moja tuliloambiwa na mwanafunzi wetu hapa Rohero, katika mji wa Bujumbura. Neno hilo lilitufunua macho tukatambua kwamba kosa fulani la zamani, ambalo tumelilaumu kwa miaka mingi, tulikuwa tukilitenda sisi wenyewe darasani. Tutalieleza mahali pake. Kwanza hapana budi tulitazame kosa lenyewe, maana lina historia yake.

I. Dai la kwamba Mwafrika hawezi kusoma picha

Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, ulianzishwa mradi wa kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika. Uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment, na hadi ulipomalizika mwaka 1937 ulikuwa umetoa filamu 35. Picha zilipigwa bila sauti, kisha maelezo ya Kiswahili na ya lugha nyingine yakatiwa katika sahani za santuri, zikachezwa pamoja na picha. Filamu hizo zilizungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Zilihusu kilimo, afya, posta, kuweka akiba na mambo mengine ya namna hiyo.

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaunda idara yake ya filamu za makoloni, Colonial Film Unit, chini ya William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi ya afya nchini Nigeria na kuonyesha filamu huko. Idara hiyo ilidumu hadi mwaka 1955. Sellers alikuwa na kanuni zake. Filamu ya Mwafrika, alisema, iende polepole. Kila kipande kikae muda mrefu mbele ya macho. Pasiwe na kuruka ghafla kutoka mahali pamoja hadi pengine, wala pasiwe na hila za kamera. Sababu aliyoitoa ni kwamba mtazamaji wa Kiafrika, kwa kuwa hakuzoea picha, angepotea njiani.

Hadithi inayosimuliwa sana kuthibitisha dai hilo ni ile ya kuku. Watu wapatao thelathini walionyeshwa filamu ya mafunzo ya usafi, iliyoonyesha polepole sana jinsi ya kuondoa maji yaliyotuama. Ilipokwisha wakaulizwa wameona nini. Wakajibu kwamba wameona kuku. Wenye filamu walishangaa, kwa maana wao hawakujua kwamba mna kuku ndani yake. Wakairudia picha baada ya picha, wakamkuta: kuku alipita kwa muda wa sekunde moja hivi katika pembe ya chini, akatoweka. Kisa hicho kilielezwa na mtaalamu mmoja wa Uingereza, John Wilson, na mwaka 1962 Marshall McLuhan wa Kanada akakirudia katika kitabu chake The Gutenberg Galaxy. Ikafanywa kuwa hoja kwamba Mwafrika huona vipande asione jambo zima.

Sisi tunaofundisha lugha twakisoma kisa hicho kwa namna nyingine. Katika filamu iliyokwenda kwa mwendo wa kobe, kuku ndiye aliyekuwa mwepesi. Watazamaji wale waliona kile ambacho mpiga picha na mhariri wake, pamoja na elimu yao yote, hawakukiona. Je, hapo nani aliyekuwa hajui kutazama?

Upande wetu huku mambo hayakuwa mbali na hayo. Ruanda-Urundi iliunganishwa kiutawala na Kongo ya Wabelgiji kwa sheria ya mwaka 1925, na utawala huo nao uliweka masharti juu ya filamu ambazo Waafrika waliruhusiwa kuziona. Wamisionari wa Kibelgiji wakatengeneza filamu zao. Katika miaka ya 1950 huko Kasai, Padre Albert Van Haelst alitengeneza michezo ya kuchekesha ya Matamata na Pilipili, ambayo majina yao tu yatosha kumchekesha msemaji wa Kiswahili. Nia ya wengi wa watu hao haikuwa mbaya. Lakini juu ya filamu nyingi za wakati ule ilitanda dhana moja: kwamba picha peke yake haitoshi, na kwamba lazima asimame mtu kando yake amwambie Mwafrika anachokiona.

II. Filamu bubu iliyoaminiwa macho

Sasa na tutazame upande wa pili wa dunia, miaka minane kabla ya mradi wa Vugiri. Mwaka 1927 kampuni ya Paramount ya Marekani ilitoa filamu iitwayo Underworld, yaani ulimwengu wa chini, ulimwengu wa wahalifu. Mwongozaji wake alikuwa Josef von Sternberg, mzaliwa wa Vienna. Hadithi iliandikwa na Ben Hecht, aliyekuwa mwandishi wa magazeti mjini Chicago na kuwajua majambazi wa mji huo kwa karibu. Mpiga picha alikuwa Bert Glennon. Hecht hakuridhishwa na jinsi Sternberg alivyoibadili hadithi yake, hata akataka jina lake liondolewe. Lakini tarehe 16 Mei 1929, tuzo za Academy zilipotolewa kwa mara ya kwanza, tuzo ya hadithi bora alipewa yeye kwa filamu hiyo hiyo.

Haikuwa filamu ya kwanza ya majambazi. Mwaka 1912 D. W. Griffith alikuwa amekwisha kutoa filamu fupi iitwayo The Musketeers of Pig Alley. Humo jambazi mmoja husogea polepole kando ya ukuta, akija kuelekea kwetu, hata uso wake ukajaa picha nzima. Na mwishoni mkono usio na mwenyewe hujitokeza pembeni ukiwa umeshika fedha. Hongo imeelezwa kwa mkono tu, bila neno. Sternberg alilikuta shamba limekwisha kufyekwa. Kazi yake ilikuwa kulipanda.

Kisa cha Underworld si kigumu. Bull Weed, jambazi mwenye nguvu na kicheko kikubwa, aliyechezwa na George Bancroft, anavunja benki usiku wa manane. Anaonekana na mlevi mmoja aliyechakaa, ambaye zamani alikuwa mwanasheria. Badala ya kumdhuru, Bull anamwokota, anamvisha, anamrudishia utu wake. Kwa kuwa mtu huyo hujua kunyamaza, Bull humwita Rolls Royce, kama ile motokaa isiyopiga kelele. Clive Brook ndiye aliyemcheza. Baadaye Rolls Royce na mwanamke wa Bull, aitwaye Feathers, yaani Manyoya, aliyechezwa na Evelyn Brent, wanapendana, lakini wanazuiwa na deni la wema. Bull anamwua adui yake, anahukumiwa kunyongwa, anatoroka gerezani akidhani amesalitiwa, na mwisho anazingirwa na polisi katika maficho yake.

Ukisimuliwa hivyo, ni kisa kama visa vingine. Uzuri wake umo katika namna macho yanavyoongozwa, nasi tutataja mambo manne tu.

La kwanza ni unyoya. Rolls Royce anafagia sakafu ya baa. Feathers yuko juu, ngazini. Hatuambiwi kwamba watakutana, wala hatuonyeshwi nyuso mbili zikitazamana. Unyoya mmoja unachopoka katika vazi la mwanamke, unashuka hewani taratibu, nayo kamera inaufuata. Mwanamume anainua macho. Hapo mambo yamekwisha kuanza.

La pili ni mwanga. Sternberg hakuuangazia mji wake wote sawasawa. Aliuacha gizani, akaitia nuru pale tu alipotaka jicho litue: ukingo wa kofia, moshi, jicho la mwanamke lililo nusu kivulini. Giza katika filamu hiyo si upungufu wa taa. Giza ni sehemu ya maelezo, kama kimya kilivyo sehemu ya maneno ya mzee mwenye busara.

La tatu ni mkato. Bull anapoiba katika duka la vito, hatuonyeshwi tendo zima tangu mwanzo hadi mwisho. Twapewa vipande vifupi vifupi, kisha ua linaachwa pale ili lawama imwangukie adui yake, maana adui huyo ana duka la maua. Mtazamaji ndiye anayeviunganisha. Katika dansa kubwa ya majambazi, nyuso za walevi hufuatana mbio mbio, mojamoja, zikiwa karibu mno, hata mtazamaji mwenyewe huhisi kizunguzungu. Hakuna aliyeandika pale kwamba watu wamelewa.

La nne ni kuchelewa. Bull, mtu anayesakwa, yumo mafichoni. Tungetazamia aonyeshwe akijaza risasi bunduki yake. Badala yake anachovya kidole katika maziwa na kumlisha paka mdogo. Mhariri wa haraka angekikata kipande hicho. Sternberg alikiacha, naye mtu yule mkubwa akawa binadamu mbele ya macho yetu kabla risasi hazijaanza kuupasua ukuta.

Filamu hiyo iliacha uzao. Ndani yake limo tangazo la taa linalowaka usiku na kusema kwamba mji ni wako, maneno ya kumjaza kiburi mtu kama Bull. Mwaka 1932, katika filamu ya Scarface, ambayo Hecht alishiriki pia kuiandika, tangazo kama hilo linaonekana tena, na safari hii ni ulimwengu mzima ulio wako.

III. Viambishi vya picha

Mwalimu wa Kiswahili ataona hapa jambo asiloweza kuliona kwa urahisi mwalimu wa lugha nyingine nyingi. Sisi tunacho kiambishi -ka-. Twasema: alifika, akaketi, akanywa maji, akaondoka. Msikilizaji haulizi mtu huyo aliinamaje, alishikaje kikombe, alifungaje mlango. Yaliyo katikati huyajaza mwenyewe. Mkato wa filamu ni -ka- hiyo hiyo: unyoya ukashuka, naye akainua macho.

Tunacho pia kiambishi -ki-. Tukisema, "walimkuta akila", mambo mawili yamewekwa katika wakati mmoja. Ndivyo afanyavyo mhariri anapotuonyesha polisi wakikaribia, kisha mtu aliye ndani, kisha tena polisi. Griffith aliikuza sana mbinu hiyo. Na Warusi kama Kuleshov na Eisenstein walionyesha katika miaka ya 1920 kwamba kipande hupata maana kwa kile kilichokitangulia na kinachokifuata, kama neno linavyopata maana katika sentensi. Kuleshov alichukua uso mmoja tu wa mchezaji, akauweka mara baada ya sahani ya supu, mara baada ya maiti. Watazamaji wakaona njaa katika uso ule, kisha wakaona huzuni, ingawa uso ulikuwa ule ule.

Basi mtu aliyelelewa na ngano, aliyezoea -ka- na -ki- tangu jikoni kwa nyanya yake, aliyezoea kutegewa nusu ya methali akaimaliza mwenyewe, na kutegewa kitendawili akakitegua, atashindwaje kuunganisha vipande viwili vya picha? Waliosema kwamba atapotea hawakuwa wamezisikiliza lugha zetu.

IV. Alasiri moja Rohero

Sasa tulieleze lile neno. Tulikuwa tumewakusanya wanafunzi wetu wa sekondari alasiri moja, tukaitundika shuka nyeupe ukutani, tukaazima mashine ya kuonyeshea picha. Wengi wao hutoka Buyenzi na Bwiza, mitaa ambayo Kiswahili ni lugha ya barazani. Wengine lugha yao ya nyumbani ni Kirundi, na shuleni husoma kwa Kifaransa. Wote wamezoea filamu zenye mfasiri, zile ziitwazo agasobanuye katika Kinyarwanda, ambazo mtu mmoja huzungumza juu ya picha tangu mwanzo hadi mwisho, akitafsiri, akitania, akiongeza chumvi. Uganda wapo, na Dar es Salaam alikuwepo Lufufu, aliyejulikana sana. Ufundi huu si mpya. Zama za filamu bubu Japani ilikuwa na wasimulizi wake walioitwa benshi, na wengine wao walikuwa na sifa kuliko wachezaji wenyewe.

Lazima tukiri kwamba tulikuwa tukiwadharau wafasiri hao. Tulisema kwamba wanawaziba watoto macho kwa maneno. Kwa hiyo tuliichagua filamu bubu makusudi, na maandishi yake ya Kiingereza tuliyatafsiri mapema na kuyagawa kwenye karatasi. Lakini picha zilipoanza, tulisimama kando ya shuka na fimbo yetu mkononi. Tukasema: huyu ni jambazi, hapa ni benki, tazameni kivuli kile. Tulieleza saa, tukaeleza moshi. Tulipokaribia ngazi, tulikuwa tumekwisha fungua kinywa kuutangaza unyoya, ndipo msichana mmoja wa nyuma aliponyosha mkono akasema kwa adabu:

"Mwalimu, tunaomba tuone kwanza, halafu utatueleza."

Tuliketi. Aibu ilitushika, kwa maana katika dakika ile tulimwona Sellers amesimama pale ukutani, na fimbo aliyoishika ilikuwa yetu. Sisi tulioandika habari za kuku na kuwacheka wakoloni, hatukuwaamini watoto wetu wenyewe kwamba wana macho. Tena wafasiri tuliowadharau hufanya kazi hiyo kwa ufundi kuliko sisi, na watu huwalipa.

Filamu ikaendelea katika kimya. Unyoya ulipoanza kushuka, darasa zima lilitoa mguno mdogo, ule mguno wa watu wanaotegua kitendawili kwa pamoja.

Siku iliyofuata wanafunzi waliandika insha kwa Kiswahili, bila maswali yetu ya kuwaongoza. Mmoja aliandika juu ya paka kurasa mbili. Mwingine alihesabu saa na ngazi, akatuonyesha mambo ambayo sisi, tuliokwisha itazama filamu ile mara tatu, hatukuyaona. Walipata kuku wao, kwa hakika, na wengi. Lakini insha iliyotushika zaidi ilikuwa ya kijana mmoja mpole. Ikumbukwe kwamba mzazi mmoja alikuwa ametuuliza kabla ya siku ile kwa nini tuwaonyeshe watoto majambazi na bunduki, katika mji ambao tangu vita vilivyoanza mwaka 1993, na tena mwaka 2015, umesikia milio ya risasi zaidi ya haja. Lilikuwa swali la haki, na hatukuwa na jibu zuri. Kijana yule alilijibu bila kujua kwamba liliulizwa. Aliandika kwamba katika filamu zenye sauti, bunduki ikilia, yeye hufumba macho au hucheka pamoja na wenzake. Katika filamu hii bunduki haikulia. "Kwa hiyo nilitazama uso wa mtu," aliandika, "na nilimwonea huruma hata aliyepiga."

Nao mwisho wa filamu wamwelekea yeye. Bull Weed, aliyedhani amesalitiwa, anatambua kwamba rafiki yake amerudi kumwokoa, akijiweka hatarini. Anawafungulia njia wale wawili waende zao, naye anajitoa kwa polisi. Anatuambia kwamba saa ile moja ya kujua ukweli ilikuwa na thamani kuliko maisha yake yote. Jambazi hasifiwi hapo. Anajifunza kutazama, ingawa amechelewa.

V. Tamati

Wenzetu wapendwa, hatusemi kwamba mwalimu asieleze kamwe. Maandishi yahitaji tafsiri, na historia yahitaji msimulizi. Wala hatuwakatazi vijana wafasiri wao, maana humo nako mna Kiswahili kilicho hai. Twasema tu kwamba kuna wakati wa sauti na wakati wa jicho, na kwamba mwalimu anayewahi kueleza humnyang'anya mwanafunzi furaha ya kugundua.

Filamu ya Underworld, tangu tarehe 1 Januari 2023, haina tena ulinzi wa hakimiliki nchini Marekani, na haichukui hata saa moja na nusu kuitazama. Mwalimu atakayependa kuijaribu darasani na atafute shuka nyeupe, aandike tafsiri ya maandishi yale machache, kisha azime taa. Fimbo aiache ofisini. Picha zikiisha, awaulize wanafunzi wameona nini, naye ayasikilize majibu yao yote, hata wakimwambia kwamba wameona kuku.